Ng'ombe wa Mwisho Kutoka Oltepesi

Shosho wangu,

Usidanganywe na twiga wa picha ya hii kadi. Yeye ndiye mnyama pekee aliyeshiba Kajiado yote. Mvua imekataa kabisa.

Niko kichinjioni hapa Kitengela na kile kimashine chetu cha utafiti wa ng'ombe waliochoka. Tunakidunga kwenye nyama, kinapima asidi, ile ile inayochachusha maziwa lala. Ng'ombe aliyepumzika akichinjwa, nyama yake hutengeneza asidi ya kutosha, ndio ikae vizuri. Aliyechoka kupita kiasi, nyama hubaki nyeusi na huoza upesi.

Jana mzee mmoja alileta ng'ombe wake wa mwisho. Walikuwa wametembea kwa miguu kutoka mbali kule Oltepesi, na ng'ombe akachinjwa jana hiyo hiyo. Leo asubuhi kimashine hakikupata asidi ya maana. Mnunuzi akaikataa nyama. Bosi wetu naye akapiga makofi, eti hatimaye tumepata sampuli safi!

Mzee akaniuliza mashine imesema nini. Nikamwambia, "Ng'ombe alichoka sana."

Akaninyooshea mkono. "Basi nipime na mimi. Tumekuja pamoja."

Nikija, Shosho, nipikie githeri bila nyama. Na ng'ombe wetu mpe maji sasa hivi, hata kama ameshakunywa.

Mjukuu wako,
Ciru