Mshale Niliouona

Mjukuu wangu Yustina,

Shikamoo yako imefika hapa Kwihara, marahaba. Bibi yako kikohozi kimemwachia, na karanga tumeshang'oa.

Unauliza ulipe faini ya tochi ya mwendokasi au uende mahakamani kupinga, maana yule trafiki alikujibu kwa dharau.

Mimi niliwahi kupinga. Nilikuwa dereva wa lori, natoka Ipole na madebe ya asali ya rafiki yangu Kasele, naye amekaa pembeni yangu. Karibu na Tabora trafiki akanisimamisha, akasema nimekimbiza gari. Aliniita "wewe" mbele ya Kasele, nikachukia, nikasema tutaonana mahakamani. Kasele nikamwomba awe shahidi. Akasema hajui kusoma ule mshale wa spidi.

"Wewe sema tu tulikwenda taratibu," nikamwambia.

Akasema hivyo mbele ya hakimu, nikaachiwa. Tulipotoka nje akaniuliza mshale ulikuwa umefika wapi. Nikaenda kuwasha lori, akaelewa.

Msimu ule asali ya mizinga yake aliirina mdogo wake. Kwao mtu aliyesema uongo hawasogelei nyuki, na Kasele hakurudi tena porini. Nilikuwa nampita barabarani na lori langu, yeye anatembea kwa miguu. Tumemzika mwaka jana. Sikuwahi kumwomba radhi.

Kama kweli ulikwenda taratibu, nenda kapinge, wala usimwogope mtu. Lakini hilo usiniulize mimi, Yustina. Mshale wako uliuona wewe. Wangu niliuona vizuri sana.

Babu yako