Kijitawi Nilichokiziba

Marahaba, Aika mjukuu wangu. Goti la bibi yako limetulia, anakwenda shambani mwenyewe, na ng'ombe amezaa jike.

Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Kama nimekuelewa, kompyuta isiyo na diski ikiwashwa huomba maelekezo ya kuwaka kupitia mtandao. Ulipokuwa ukirekebisha namna kiini cha mfumo endeshi kinavyoyasoma, ulifuta aina moja ya maelekezo ya zamani uliyodhani haitumiki. Sasa mashine za watu usiowajua haziwaki, wamekuandikia kwa ukali, nawe unaniuliza kama kazi hii inakufaa.

Nikiwa kijana, siku ya zamu yetu ya kusafisha mfongo, ule mfereji unaotuletea maji ya mlimani, niliona kijitawi chake, kijifereji cha pembeni, kimejaa majani. Nikakiziba kwa udongo na vipande vya mgomba, nikajisifu kwamba maji hayapotei tena. Kumbe kilikuwa kinakwenda kwa mama mmoja mjane, kule bondeni. Baba aliposikia akanipa jembe, nikakizibua na kuyafuata maji kwa miguu hadi kwake. Miche yake ya kahawa ilikuwa imesinyaa. Nilitamani ardhi inimeze.

Yule mjane hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulidhani huku hakuna watu?" Kisha akanipa ndizi mbivu.

Nawe, Aika mama, warudishie maelekezo yao, na uwaandikie wewe mwenyewe.

Mwaka uliofuata wazee walinikabidhi mfongo wote niusimamie. Walisema huyu sasa anajua maji yanaishia wapi.

Babu yako