Misalaba Miwili Kiunoni

Jumanne, 8 Agosti 1961

Kliniki tena. Foleni mpaka nje, vumbi, watoto wanakohoa. Nimepanda mizani, nimeshuka. Muuguzi Mwelwa amenigombeza mbele ya wote: mimba ya miezi sita na uzito haujasogea tangu mwezi uliopita. Ameuliza kama nyumbani hakuna chakula. Nimesema kipo. Ni kweli kipo. Sikili tu.

Anayepakua ni mama mkwe. Bonge moja la ugali wa bukari, majani ya sombe kidogo pembeni, basi. Mayai mwiko kabisa, eti mtoto atazaliwa hana nywele. Binti yake wa pekee alifia uzazini, mtoto mkubwa, akakwama. Tangu siku hiyo ana neno moja tu: "Mutoto mukubwa anauaka mama." Analisema akiwa ameshika mwiko, na mimi naishia kusogeza sahani.

Lakini nami nina kaburi langu. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa mdogo mno, hata kunyonya hakuweza. Tulimzika kabla hatujampa jina. Mwelwa anasema nikiendelea hivi, huyu naye atakuja vilevile.

Nina njaa na ninaogopa.

Ijumaa, 11 Agosti

Mume wangu Mukendi amerudi mapema kutoka sokoni Kampemba. Meza yake ya vitambaa haijaguswa. Wateja wa miaka mingi wanapita wakitazama pembeni. Tangu jimbo hili lijitenge, jina la Kikasai limekuwa kama ugonjwa. Mimi nimezaliwa hapahapa Katuba, sijawahi hata kuiona hiyo Kasai ninayoambiwa nirudi.

Bomba la mtaani vijana wa hapa wamelikalia, sisi hatuchoti. Nimekwenda kuchota kisimani mbali, ndoo kichwani. Mgongo unauma. Njiani nimenunua udongo mweupe nikautafuna wote. Unatuliza tumbo, ndiyo sifa yake pekee.

Jumatatu, 21 Agosti

Homa siku nne. Kwinini, masikio yanavuma. Kesho ni kliniki na najua mizani itasema nini. Nimemwambia mama mkwe kwamba sitaki kwenda kuaibishwa tena.

Akafikiri. Akafungua sanduku lake, akatoa misalaba yake miwili mizito ya shaba, ile aliyotolewa mahari na kuja nayo kutoka Kasai ikiwa imefungwa kwenye nguo. Akaiweka mapajani mwangu.

"Balansi inaomba kilo? Tutaipatia kilo."

Nilicheka. Mara ya kwanza mwezi huu. Nilidhani anatania.

Jumanne, 22 Agosti

Hakuwa anatania. Alinifunga mwenyewe kiunoni, msalaba huku na msalaba huku, kitambaa cha kikwembe juu, kikwembe kingine juu yake. Shaba baridi kwenye mbavu. Nikatembea kama bata mpaka kliniki.

Mwelwa alitazama mizani, akatabasamu. "Unaona? Sasa iko muzuri. Mutoto iko na kilo." Makopo ya maziwa ya unga huwapa wale waliopungua. Kopo alilokuwa ameniwekea akampa mwanamke aliyekuwa nyuma yangu. Nilimtazama akilitia kwenye kapu lake. Nilitamani kumnyang'anya.

Halafu Mwelwa akanisindikiza mpaka mlangoni, akasema polepole: "Wiki inakuya usikuye tena. Haiko mi njo nakufukuza." Ng'ambo ya barabara vijana walikuwa wamesimama, wakitazama ni nani anaingia na ni nani anatoka. Mwelwa ni mtu wa hapa, wa ukoo wa hapa tangu zamani. Alishika mkono wangu muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kwa hiyo mtu pekee aliyekuwa akinipima amedanganywa, na hatanipima tena. Nimemkasirikia mama mkwe. Nimejikasirikia mimi zaidi, maana mimi ndiye niliyesoma.

Jumapili, 27 Agosti

Vijana wamechoma nyumba mbili kwenye mstari wetu. Mukendi amepigwa rungu begani, mkono hauinuki. Tunaondoka. Wote wanasema twende kule walikopiga kambi askari wa kulinda amani, wale wa kofia za buluu, huko hawatatufuata. Sanduku, godoro, sufuria. Mama mkwe amefunga misalaba kiunoni kwake.

Jumatano, 30 Agosti

Kambini. Kambi ni neno tu. Ni uwanja wa watu. Tumefunga turubai kwenye miti minne, godoro liko chini, usiku baridi inapanda kutoka ardhini. Moshi wa kuni mbichi kila upande. Maji ya foleni.

Tumbo limekuwa dogo au naona vibaya? Nimempima mtoto kwa kiganja. Sijui nilikuwa nategemea nini.

Jumatano, 6 Septemba

Chakula kinagawiwa, unga na maharage. Hakitoshi. Ajabu ni kwamba mama mkwe bado anapakua kidogo, kana kwamba tuko Katuba na sufuria imejaa. Mukendi alimwambia mbele yangu: mama, muache ale. Akajibu kwamba hapa hakuna daktari wa kupasua mtu, mtoto akikwama hapa atatolewa na nani?

Neno hilo nalichukia kwa sababu lina akili ndani yake.

Alhamisi, 14 Septemba

Risasi tangu jana, upande wa mjini. Mizinga midogo pia. Kila mlio, tumbo linakaza kama ngumi. Nimelala ubavu, sijanyanyuka.

Bado, mtoto. Bado kabisa. Kaa humo.

Jumatatu, 25 Septemba

Kimya kimerudi. Tumbo limelegea.

Jana jirani wa turubai la tatu alijifungua. Mama mkwe aliitwa kusaidia, mikono yake inajulikana. Mtoto alikuja salama, upesi, bila shida yoyote kwa mama yake. Mdogo tu. Mdogo kama yule wangu. Leo asubuhi amekufa. Mama mkwe ndiye aliyemwosha.

Alirudi akakaa nje ya turubai, kanga kichwani, mpaka jua lilipozama. Ningemwambia nini ambacho yeye hakukishika kwa mikono yake?

Jumanne, 26 Septemba

Lazima niandike hili.

Mama mkwe ametoka alfajiri, amerudi na kuku wawili wanaotaga, kila mmoja chini ya kwapa. Kuna mzee upande wa pili wa kambi aliyekimbia na kuku wake badala ya godoro. Ana mtoto wa kiume anayetaka kuoa na hakuwa na kitu cha kutoa mahari. Sasa ana misalaba miwili ya shaba.

Amewafunga kuku kwenye mti mmoja wa turubai. Kisha akachemsha mayai mawili ambayo yule mzee alimwongezea, akayamenya, akaniwekea kiganjani yakiwa yanachoma.

"Kula. Nywele zitakuya zenyewe."

Nimekula nikilia. Hakunitazama. Alikuwa anawafukuza watoto wa watu wasiwachokoze kuku.

Alhamisi, 5 Oktoba

Yai kila siku, siku nyingine mawili. Ndakala, vile vidagaa vikavu, anapozipata. Anapakua bakuli limejaa, halafu anakaa mbele yangu kama polisi mpaka nimalize. La kwake haliko. Nimemuuliza amekula nini, akasema amekula zamani. Mwongo mkubwa.

Ndoo amekataza. Mukendi anabeba kwa bega zima, wanaume wenzake wanamcheka. Wacheke.

Kuna daktari sasa kwenye hema. Amegusa tumbo, akasema mtoto ni mdogo lakini anakua, na kila wiki atakayokaa ndani ni faida. Nimemwambia pia habari ya misalaba. Hakucheka. Aliandika kitu, akanipa vidonge vya damu.

Jumanne, 17 Oktoba

Amekuja. Mapema, wiki nne hivi. Nilianza kuumwa jana foleni ya maji ilipokuwa inafunguliwa, leo mchana yuko hapa. Msichana. Hajakwama. Ametoka kirahisi mno, na ndicho kilichoniogopesha.

Hana nywele hata moja.

Mama mkwe alimpokea, akamweka juu ya viganja viwili, akampandisha na kumshusha polepole. Nilijua anapima nini. Mikono yake imebeba ile shaba nusu ya maisha yake. Nilisubiri aseme. Akafungua blauzi yake, akamlaza kifuani kwake, ngozi kwa ngozi, akafunga kikwembe juu.

Analia kama paka mdogo. Lakini analia.

Ijumaa, 20 Oktoba

Hanyonyi. Nakamua, mama mkwe anamdondoshea kwa kijiko. Chupa za maji ya moto huku na huku. Tunampokezana kifuani, mimi, yeye, hata Mukendi. Nimemwambia Mukendi safari hii mtoto apewe jina leo, aishi asiishi. Ni Kapinga. Jina la mama mkwe.

Jumatatu, 23 Oktoba

Amenyonya. Mwenyewe. Kidogo, kisha akachoka akalala.

Siandiki zaidi, nisije nikaharibu.

Jumapili, 26 Novemba

Mvua imenyesha asubuhi, turubai limevumilia. Mukendi ameenda misa ya uwanjani. Kuku mmoja amekufa, wa pili bado anataga.

Nimemwogesha Kapinga, nikampa bibi yake amkaushe. Kichwani pameanza kuota kitu laini, ukikitafuta kwenye mwanga. Mama mkwe amemfuta, kisha akamweka juu ya viganja viwili kama siku ile. Akampandisha. Akamshusha. Akafumba macho, akipima.

"Huyu amepita misalaba yangu," akasema.

Kisha akanirudishia mtoto, maana alikuwa ameanza kutafuta ziwa.