Wa Kwanza Kutia Mkono

Boma la Songea,
Mwezi 9 Mfunguo Saba, 1324 Hijria

Mpendwa dada yangu Mwanaheri,

Shikamoo dada. Salamu aleikum wewe na wote wa hapo Nakapanya. Hali zenu? Mama je, miguu yake imepata nafuu? Na mwanao Sharifa, ameshaanza kutembea? Mimi mzima wa mwili, alhamdulillahi, ila nimechoka, dada. Nimechoka sana. Baridi ya huku inaingia mpaka kwenye mifupa, na usingizi siupati.

Uliniuliza kwa kinywa cha yule mchuuzi wa chumvi, cheo changu ni kipi. Haya, mwambie mama kwamba mwanawe ni ombasha. Chini yangu wapo askari wachache. Juu yangu yupo shaushi, Msudani mzee mwenye ulimi wa pilipili. Juu yake ni Wazungu, nao wana ngazi zao. Kila mmoja anamfokea aliye chini yake mpaka makelele yananifikia mimi. Kompania yetu haina jina. Ina namba tu, kama mzigo wa mpagazi. Wenzangu wengi sijui hata kwao ni wapi.

Wangoni sivyo. Kikosi chao wanakiita libuto, na kila libuto lina jina lake. Vijana waliochunga ng'ombe pamoja wanaingia vitani pamoja, chini ya nduna mmoja. Hata mtoto waliyemteka wanamlea humo humo, na akitokea kuwa shujaa anaweza kuwaongoza wale wale waliomteka. Na nduna ndiye wa kwanza kutia mkono kwenye chakula. Kabla yake hali mtu, hata awe anakufa.

Sasa kaa chini, dada, na mwalimu anayekusomea asome polepole. Nimemwona Iddi.

Ndiyo, Iddi wetu, mdogo wetu aliyechukuliwa na Wangoni walipochoma kijiji. Aliletwa bomani pamoja na mateka wenzake, mnyororo shingoni, amekonda mno. Nilimjua kwa yale masikio ya baba. Kiyao amesahau karibu chote, lakini neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Mama yu hai?" Nililia mbele ya askari wangu, na waseme watakavyo.

Kisha akaniambia kwamba nduna wa libuto lao, libuto la Nyati, alikufa kwa risasi, na watu wakamchagua yeye. Furaha ikaniishia palepale. Kwa maana amri ya Bwana Mkubwa, Mzungu wa boma, ni hii: mateka wa kawaida watalima barabara, nduna atanyongwa. Waliulizwa, nduna wenu nani? Wote kimya. Nami nikamwapia shaushi kwamba yule mwenye masikio makubwa ni mkata kuni tu, mateka wa zamani wa Wangoni. Shaushi akacheka. "Ombasha," akasema, "pikisha ugali, tutaona."

Nikamwendea Iddi nikamsihi. Chakula kikija usiguse, mdogo wangu, waache wenzako waanze. Akaitikia. Dada, aliitikia, wallahi.

Ukaletwa ugali wa mtama, unafuka moshi. Watu hao walikuwa wanakula mizizi porini tangu tulipochoma maghala yao. Ndiyo, sisi, sikufichi. Iddi akakunja mikono akatazama chini. Wenzake nao wakatazama chini. Nikawafokea kwa Kingoni changu kibovu, "Kuleni, wapumbavu nyie!" Wapi! Mate yanawatoka, na hawali. Ugali ukapoa. Mzee mmoja akaanguka upande, mnyororo ukamkaba wa pembeni yake. Shaushi amesimama tu, anatazama.

Iddi akaniangalia. Akamega tonge, akala. Ndipo wote wakala.

Walimnyonga Alhamisi. Niliomba ruhusa nikamwosha mwenyewe na kumzika ng'ambo ya kijito, uso kibla. Sijui kama alikuwa anaikumbuka shahada, nilimsomea mimi. Inna lillahi. Mama mwambie wewe, dada, mimi sina maneno. Mwambie tu kwamba hakuachwa juani.

Wenzake sasa wanalima barabara ya kwenda Madaba, na aliyepewa kuwasimamia ni mimi. Wanajua kwamba Iddi alikuwa ndugu yangu, waliniona nikimlilia. Jana chakula kilipoletwa, hawakula. Walikaa wakanitazama. Nikageuka nikaenda kando, nikajifanya nafunga mkanda wa bunduki. Niliporudi, chakula kiko vilevile, na macho yote kwangu.

Nilitia mkono, dada. Ningefanyaje? Shaushi aliniona. Mpaka sasa hajasema neno.

Nisalimie mjomba Bashiru na shangazi Zabibu, na wote wanaoniulizia. Mniombee dua. Mungu awape mvua na afya, na ampe mama moyo wa kustahimili.

Ndimi ndugu yako akupendaye,
Abasi