Besi Wamerudi Ziwani

Jumatano, 3 Septemba
Vayolini tena. Asubuhi nzima kwenye kipande kimoja kifupi, pale binti wa kwenye mchezo wa simu anapoanza kupanda mlima. Ndani ya simu muziki huo ni tii-tii-tii tu, na unapendeza hivyo hivyo. Lakini vijana wa Dar waliotengeneza mchezo wanataka okestra nzima, na msikilizaji aamini kuna watu wameketi na vyombo vyao. Watu hawapo. Nipo mimi, hapa Gungu, na kompyuta ya dada.

Mama alipita na beseni la samaki, migebuka watupu. Akauliza ni nyuki gani hao nimewafungia kwenye debe. Nimekasirika, kwa sababu ni nyuki kweli.

Ijumaa, 5 Septemba
Dada Upendo kahamishiwa kufundisha shule ya Kasulu. Anaondoka mwisho wa mwezi na kompyuta yake. Haki yake. Kwa hiyo ni kazi hii ya majaribio au basi. Dar wakinichukua, nitakula kwa muziki. Wasiponichukua, nitapiga kinanda cha kwaya Jumapili, na siku nyingine niuze nyavu dukani kwa baba mdogo. Sitaki kuuza nyavu. Nimeandika, imetoka.

Vayolini nimeziongezea mwangwi. Nyuki wale wale, sasa wako kanisani.

Jumamosi, 6 Septemba
Mazoezi ya kwaya. Mbalamwezi, dagaa hawafuati taa, wavuvi wako nyumbani. Maana yake besi wote wamekuja. Walipoguna wimbo wa pili, benchi lilitetemeka chini yangu. Hapo hapo nikajua: niwarekodi hawa. Watu wa kweli mbele, nyuki nyuma. Nani atawasikia nyuki?

Sikuwaambia leo. Kwanza nimalize vayolini.

Alhamisi, 11 Septemba
Ngoja ngoja huumiza matumbo. Vayolini zimekaa sawa kidogo, nikapanda bodaboda hadi mwaloni Kibirizi, mitumbwi inapotia nanga, kuwaita besi. Mwezi umepungua. Wamerudi ziwani tangu juzi. Niliowakuta wamelala, miguu nje ya kanga za wake zao.

Mzee Bukuru, mkubwa wa besi, alikuwa macho, anashona wavu. Shikamoo yangu aliiitikia bila kuinua uso.

“Mwalimu, tumekaa bure wiki nzima. Ulikuwa wapi?”

Nikamweleza habari ya kurekodi. Akasema atakuja Jumamosi mchana na atakaowaamsha.

Jumamosi, 13 Septemba
Wamekuja watatu. Macho mekundu, nguo zinanuka dagaa. Kina mama wa sauti ya pili walikuwepo tayari. Tulifunga madirisha ya kanisa, joto likatupika. Simu yangu juu ya mimbari ndiyo ilirekodi.

Mzee Bukuru amechelewa kuingia kwenye wimbo, kama kawaida yake. Huwa anavuta pumzi ndefu kwanza, wenzake wakiwa wameshaanza, halafu ndipo anakuja. Tumegombana juu ya pumzi hiyo tangu nianze kushika kwaya. Leo nimemwacha. Mtu aliyekosa usingizi kwa ajili yangu nitamgombeza vipi?

Jumatatu, 15 Septemba
Siku nzuri, ya kwanza. Nimegundua kompyuta inaweza kuinyoosha sauti ya kila mtu na kuiweka juu ya pigo lake. Nimemnyoosha Mzee Bukuru. Nimewanyoosha wote. Pumzi zote nimezikata. Kuingia kama mtu mmoja, kutoka kama mtu mmoja, jambo ninalowapigia kelele kila Jumamosi. Kompyuta ilikuwa imejaa, na simu pia, nikafuta rekodi za mwanzo. Za nini tena?

Ijumaa, 19 Septemba
Umeme ulikatika nikiwa natuma. Ukarudi. Kazi imekwenda Dar. Mama kasikiliza mwanzo hadi mwisho, akasema nzuri. Hakuuliza ni nani wanaoimba. Nilitaka aulize, anawajua wote.

Jumatano, 24 Septemba
Wamejibu. Hawajanichukua.

Vayolini, wanasema, zinavumilika. Kilichoniangusha ni kwaya. Wanasema inasikika wazi kuwa ni ya kompyuta, tena programu duni, na kwamba mara nyingine nitafute waimbaji wa kweli, hata wachache.

Nimesoma nikiwa nimesimama. Nilitaka kuwajibu. Niwaambie wanuse mimbari yetu, bado inanuka dagaa.

Kisha nikasikiliza tena. Wamesema kweli. Hakuna mtu mle ndani. Nimetafuta rekodi za mwanzo kila mahali, nikijua nilizifuta mwenyewe. Naona aibu. Zaidi mbele ya Mzee Bukuru, ambaye ataniuliza.

Ijumaa, 26 Septemba
Dada kaondoka na basi la asubuhi. Kompyuta nilimfungia ndani ya kanga. Aliniambia nisikate tamaa. Nimeshakata.

Jumamosi, 27 Septemba
Mazoezi. Besi hawakuja, usiku bado ni wa giza. Wachache tu tulikuwepo. Wimbo ule wa pili, uliotetemesha benchi. Tulipofika pale Mzee Bukuru huwa anavuta pumzi, niliinua mikono kutoka kwenye kinanda nikamsubiri. Kina mama wakanitazama. Jumatatu naanza dukani kwa baba mdogo. Nikarudisha mikono, tukaendelea na ubeti.