Jina Lilipokwama

Gare, Lushoto,
8 Machi, 1970.

Mpendwa dada Efrazia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Korogwe, wewe na shemeji na watoto, na kwamba joto la huko mmeshalizoea. Sisi huku hatujambo. Mvua zimeanza, tunapanda maharage, na kifua cha mama kimetulia tangu atumie zile dawa ulizomletea.

Najua unangoja habari za usaili. Siku ile niliamka mapema, nikalipiga pasi lile shati uliloniachia, nikakata kucha, na viatu nikavibeba mkononi mpaka karibu na mjini ili visiingie tope. Yote uliyonifundisha niliyashika: nisimame wima, nimtazame mtu usoni bila kumkodolea macho, nisikae kabla ya kukaribishwa, na wakubwa wa kazi niwaite ndugu. Hata yale maneno ya kujitambulisha niliyasema njia nzima, yakatoka bila kukwama. Baba nilimuaga shambani. Unavyomjua, kauli yake ni neno moja au mawili. Alisema tu, "Watakucheka," akaendelea kulima. Niliondoka na uchungu.

Pale nyumba ya wageni ya ushirika tulikuwa vijana kadhaa kwenye benchi, mmoja katoka Mazinde na tai shingoni. Nilipoitwa nilimkuta meneja, Bibi Mwajuma, mtu wa Pangani, pamoja na karani wake, Ndugu Bakari. Niliwaamkia vizuri. Kisha meneja akaniuliza jina. Dada, hilo Silvano likakwama. Nililisukuma, halikutoka. Ndugu Bakari akainamisha macho mezani, na kule nje nikasikia mtu akicheka. Miguu ilitaka kukimbia.

Yale maneno tuliyoyakariri nikayaacha. Nikasema, "Niwieni radhi, ndugu zangu. Nina kigugumizi. Jina litatoka, naomba mnisubiri."

Wakanisubiri, likatoka.

Hawajaniuliza la pili, mzee mmoja akaingia ametota, kapanda kutoka Mombo juu ya lori. Bibi Mwajuma akaniambia nimpokee. Nikamwamkia, nikapokea mzigo wake, nikamvutia kiti karibu na moto, nikaenda jikoni kumwombea chai. Jina lake nilimwuliza alipokwisha kunywa. Nilikwama tena, wala yeye hakujali. Alipopelekwa chumbani, meneja alisema kwamba mgeni anayefika pale huwa amechoka na hajui kama atapokewa vizuri, lakini yule mzee alikwisha kujua kabla sijamaliza sentensi. Kazi ya mapokezi nimepewa, naanza kesho.

Sasa nikuambie jambo ambalo baba ameniruhusu nikuandikie. Niliporudi nilimkuta bado shambani, nikamweleza yote, hata kile kicheko. Aliweka jembe chini, akakaa kwenye ukingo wa tuta. Midomo ilimcheza kwa muda, ndipo akasema, "Na m-m-mimi."

Dada, baba yetu ana kigugumizi. Alisema kwamba alipokuwa shule ya misheni mwalimu alimsimamisha asome mbele ya wenzake, darasa likaangua kicheko, na kesho yake hakurudi. Tangu hapo huchagua maneno mafupi yasiyomsaliti, mengine humwachia mama. Sisi hilo tuliliita ukali, na mimi asubuhi ile nilidhani ananidharau. Kumbe alikuwa ananihofia. Aliniuliza kama kweli wale watu walinisubiri. Nikamwambia walinisubiri. Akaniomba nirudie tena niliyowaambia, nikarudia. Tulikaa palepale mpaka mama akatuita kula, yeye akisimulia ya ujana wake, akikwama, nami nikimsubiri.

Mama anakusalimu sana, na anasema watoto wasicheze juani bila kofia. Shemeji mpe mkono kwa niaba yangu, na wapwa zangu wadogo uwabusu wote.

Baba naye ana salamu zake. Safari hii hakumwachia mama, amekaa hapa ubavuni mwangu, amezitoa mwenyewe, amechukua muda wake, nami naziandika kama alivyozisema: "Efrazia mwanangu, njoo Pasaka, tuzungumze."

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Silvano