Ini kwa Kisomali

Nafula, nimejifungia na Mzee Muse ndani ya chumba cha mashine ya kupima ubongo. Ndugu zake wako mlangoni, wanataka kumtoa hospitalini. Kosa ni langu!

Mzee ana ugonjwa wa ini na tangu jana amechanganyikiwa. Nilimbandika nyaya kichwani, karatasi ya mashine ikaonyesha mawimbi ya ubongo yamekuwa ya polepole mno. Sumu ambayo ini limeshindwa kuchuja imepanda kichwani. Asipopata dawa leo atapoteza fahamu.

Binti yake Sado hajui Kiswahili sana. Nikamwomba nesi Ubah aniandikie "ini" kwa Kisomali kiganjani. Akaandika "beer", akaenda wodi nyingine.

Nafula, nikalisoma kwa Kiingereza! Nikatangaza mbele ya Sado na wajomba zake wote, "Shida ya mzee ni bia." Bia! Na mzee ni imamu!

Sado akasema, "Daktari, baba yangu hata soda hanywi." Mjomba akafoka, "Toa hiyo waya, tunaenda!" Ndipo nikafunga mlango.

Sasa wanagonga. Nikipaza sauti, "Ni ini!" wananijibu, "Sasa imekuwa jini?"

Ngoja. Mzee amefumbua macho. Ameweka mkono chini ya mbavu, akaita, "Sado! Beer!" Amelivuta neno, beeer, halikufanana na "bia" yangu hata kidogo.

Nje wameacha kugonga. Sado analia, anasema, "Daktari, fungua, mpe dawa."

Nafula, nafungua komeo.